Je, Wajua? Mwizi wa Samaki Mwenye Masharubu

Je, wajua kwamba fisi maji hana undugu wowote na fisi? Ukoo wake ni wa nyegere na kicheche. Tanzania ina aina mbili: yule mkubwa asiye na makucha kwenye miguu ya mbele, ambaye anaweza kupita kilo 15, na yule mdogo mwenye madoa shingoni, wa kilo 4 au 5 hivi. Wenye mabwawa wanapolalamika huwachanganya wote wawili, na hapo ndipo kesi inapoharibika.

Wajua kwamba yule mkubwa si mla samaki sana? Kwenye maji baridi chakula chake kikuu ni kaa. Huingiza vidole chini ya mawe na kupapasa bila kuangalia, na akimnasa kaa humtafuna pamoja na gamba lake. Samaki humla pia akimpata kirahisi, na hakuna samaki rahisi kuliko perege waliojazana kwenye bwawa la kuchimba.

Yule mdogo ndiye mvuvi hasa. Huwinda kwa macho, kwa hiyo hupenda maji maangavu, na masharubu yake humsaidia kuhisi mtikisiko wa samaki anayekimbia. Huzamia kwa sekunde chache tu, akaibuka, akazama tena. Wengi wa samaki anaowala ni wadogo wa kuenea kiganjani, wale ambao mama wa sokoni angewaweka fungu la mwisho.

Je, wajua kwamba chumvi inamchosha? Fisi maji hana tabaka la mafuta chini ya ngozi. Joto lake linatunzwa na manyoya mazito yanayoshika hewa, na manyoya yakigandwa na chumvi kazi hiyo inaharibika. Wale wanaowinda baharini huko Afrika Kusini hulazimika kutafuta vijito vya maji baridi ili waoge na kunywa. Sasa fikiria Singidani na Kindai, maziwa mawili ya mjini Singida: yote ni ya maji ya chumvi. Anayetaka kumwona fisi maji asipoteze nauli kwenda huko. Mkoani Singida, mwenye sababu ya kumfikiria ni yule aliyechimba bwawa la maji baridi karibu na mto.

Wajua kwamba maziwa ya namna hiyo yana samaki wake wa pekee? Kuna perege wa maji ya magadi, anayejulikana kwenye vitabu vya sayansi tangu 1905, ambaye makazi yake ya asili ni Tanzania tu, kwenye maziwa kama Manyara, Eyasi na Kitangiri. Yumo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini. Kitangiri, lililoko Iramba, hupokea maji ya Wembere na kuyapeleka Eyasi kupitia mto Sibiti, na Eyasi lenyewe kiangazi kikikaza hubaki karibu tupu. Samaki anayemudu kuishi kwenye mfululizo huo anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa kwenye kikaango.

Je, wajua mlaji mkubwa wa samaki kwenye maziwa ya Singida anatoka angani? Mwari mweupe hula zaidi ya kilo moja ya samaki kwa siku. Mfuko wa mdomo wake hubeba zaidi ya lita 10 za maji. Na hawindi peke yake. Utawaona kumi, kumi na tano, wamejipanga nusu duara, wanasukuma maji kuelekea kina kifupi kwa mwendo mmoja. Midomo inazama kwa pamoja, inainuka kwa pamoja, maji yanachuruzika pembeni, shingo zinanyooka, samaki wameshapita. Wavuvi wa kokoro hawana nidhamu ya namna hiyo.

Heroe hana kesi. Wale ndege wa waridi wanaopamba Singidani, wale wadogo hasa, huchuja mwani mdogo sana majini wala hawagusi samaki. Anayewarushia mawe kwa ajili ya perege anaonea.

Mnandi ana kesi, lakini ana udhaifu: manyoya yake yanalowa, kwa hiyo kila baada ya kuzamia lazima asimame mahali atandaze mabawa yakauke. Ondoa vigingi na matawi makavu katikati ya bwawa, naye anakosa kituo.

Wajua kwamba samaki ndio wanaoweza kuleta ndege? Ziwa Nakuru la Kenya halikuwa na samaki. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 watu walipandikiza perege wadogo kutoka Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege wakazaana, na mwari wakafuata kwa maelfu.

Je, wajua jinsi ya kumtambua mwizi? Fisi maji huacha kinyesi mahali pamoja, juu ya jiwe au kwenye ukingo, kimejaa magamba ya samaki na vipande vya kaa. Huacha pia samaki wakubwa walioliwa nusu. Ndege wakubwa huacha kinyesi cheupe na manyoya. Bwawa likipungua samaki usiku bila gamba hata moja ukingoni, mwite mjumbe wa nyumba kumi kabla ya kumwita afisa wanyamapori.

Na dawa ya fisi maji ni uzio. Uingereza, ambako wenye mabwawa ya kuvulia wamehangaika na mnyama huyu kwa miaka mingi, uzoefu umefikia hapa: wavu wa waya mgumu wenye kimo cha mita 1.2 au zaidi, matundu yasiyozidi vidole vitatu, na chini yake wavu ufukiwe ardhini huku ukikunjwa kuelekea nje. Kukunja huko ndiko watu husahau. Fisi maji hufika kwenye uzio na kuanza kuchimba papo hapo miguuni pake. Akikutana na waya uliolala chini ya udongo, anashindwa, kwa kuwa hajui kurudi nyuma hatua mbili. Kagua pia mifereji ya kuingiza na kutoa maji, kwani uzio wa milioni hauna maana kama bomba liko wazi. Taa na sanamu za kutishia humzuia siku chache, akishazoea anapita. Boma la miiba pekee linamzuia ng'ombe, si yeye. Kwa ndege, nyuzi zilizokazwa kukatiza juu ya bwawa hufanya kazi nzuri kwa bei ndogo.

Wajua kwamba huko Uingereza fisi maji walikuwa wamekaribia kutoweka kwa sababu ya viuatilifu, wakapewa ulinzi wa sheria mwaka 1978, na kufikia 2011 walikuwa wamerudi katika kila kaunti ya England? Hapa kwetu pia ni mnyamapori, yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Sumu na mitego ya kienyeji itakupeleka mahakamani, na sumu ya bwawani itaua perege wako kwanza.

Je, wajua kwamba nyavu humuua zaidi kuliko yeye anavyoua nyavu? Hufuata samaki aliyenasa, naye ananasa, na kwa kuwa lazima apande juu kuvuta pumzi, anazama. Anayetaka kumwona hai aende Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, hifadhi ya taifa tangu 1977.

Wajua kwamba perege jike hubeba mayai na vifaranga wake mdomoni? Kokoro likipita, mama na kizazi kizima vinaingia ndoo moja. Hesabu hiyo fisi maji hawezi kuifikia.

Na huko Narail, Bangladesh, wavuvi hufuga fisi maji, huwafunga kamba, na kuwaachia majini usiku wawasukume samaki hadi wavuni. Malipo yao ni sehemu ya samaki.