Mimba Nane, Mlengwa Mmoja

Mwaka 1984 madaktari wa Ufaransa waliandika jinsi walivyompa mjamzito deksamethasoni, si kwa maradhi yake, bali ili sehemu za siri za mtoto wa kike aliye tumboni zisichukue umbo la kiume.

Ugonjwa unaoleta hali hiyo ni wa kurithi. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hukosa kimeng'enya cha kutengenezea kotisoli, na badala yake humwaga homoni za kiume kwa wingi. Msichana huzaliwa na kinembe kikubwa, pengine njia ya uke imeungana na ya mkojo. Kinachoweza kumuua si umbo hilo, ni mwili kupoteza chumvi katika wiki za mwanzo, na dawa anayomeza mama haizuii hilo hata kidogo. Mtoto atatumia haidrokotisoni maisha yake yote, mama awe alimeza au hakumeza.

Sasa tupige hesabu. Wazazi wote wawili wakibeba jeni hiyo, mtoto mmoja kati ya 4 huugua, na nusu ya wagonjwa ni wasichana: mlengwa ni 1 kati ya 8. Dawa inapaswa kuanza kabla ya wiki ya 9, ilhali kipimo cha chembe za kondo la nyuma husubiri wiki ya 10 au zaidi. Mimba saba hupata dawa zisiyoihitaji. Siku hizi damu ya mama huonyesha jinsia mapema na kuwaepusha wavulana, lakini wasichana 3 kati ya 4 bado hupewa bila kuihitaji.

Sweden iliacha kuandikisha wajawazito wapya katika utafiti wa tiba hii mwaka 2010, baada ya watafiti kuingiwa na wasiwasi juu ya kumbukumbu na tabia za watoto waliopitia dawa hiyo.

Watetezi husema inamwepusha mtoto na kisu. Nawaelewa wazazi wanaoogopa upasuaji. Lakini upasuaji wa kurekebisha umbo tu unaweza kungoja mpaka mwenye mwili aseme mwenyewe. Dawa iliyokwisha kupita kwenye ubongo unaoumbika haiwezi kurudishwa.

Mama uliyewahi kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huu, ukipewa vidonge hivi, uliza: je, ninapewa ndani ya utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili? Nani atamfuatilia mwanangu hadi utu uzima? Usipojibiwa, usimeze.