Sumu ya Shambani na Ubongo wa Samaki

Wengi wetu huamini kuwa maji yenye samaki hai ni maji salama. Imani hiyo ina kasoro, hasa katika Nyanda za Juu Kusini, ambako shamba na mto ni majirani.

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya bonde la Usangu, mkoani Mbeya, penye mashamba makubwa ya mpunga. Ruaha Mdogo, unaopita mjini Iringa, huungana nao kabla ya bwawa la Mtera. Kote huko mazao hunyunyiziwa dawa, na mvua inyeshapo sehemu ya dawa hiyo husombwa hadi majini.

Dawa nyingi za kuulia wadudu hushambulia mishipa ya fahamu, nayo ya samaki hufanya kazi kwa namna ileile. Ujumbe huvuka kutoka mshipa hadi mshipa kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ukishafika, kimeng'enya maalumu huiondoa kemikali hiyo, mshipa ukatulia. Dawa kama profenofosi, ambayo wakulima wa nyanya waijua vema, hukifunga kimeng'enya hicho, hata ubongo ukakosa utulivu. Perege aliyepatwa na sumu kidogo hafi papo hapo. Huogelea upande upande, huchelewa kumkimbia adui, na hamu ya kula humpungua. Kwa kuwa haelei juu ya maji, hakuna anayeuliza.

La kustaajabisha zaidi ni habari ya pareto, zao la Mbeya na Iringa linalosindikwa Mafinga. Sumu ya ua hilo huharibiwa upesi na jua. Wataalamu wakaiga muundo wake, wakatengeneza viwandani sipamethrini na ndugu zake, zinazostahimili jua. Mwili wa binadamu huzivunja haraka, lakini wa samaki huchelewa mno; hivyo dawa isifiwayo kwa upole wake kwetu humwua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Wapo pia wanaotia sumu majini makusudi ili wavue. Hofu ya uvuvi huo ndiyo iliyoufanya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wa Ziwa Viktoria mwaka 1999, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza.

Samaki aliyeokotwa akielea asiingie jikoni, hata akipikwa sana. Bomba la dawa nalo lioshewe shambani, mbali na kijito, na maji yake yamwagwe palepale palipopuliziwa dawa.