Alumini si Alumini Tu

Ndugu msomaji, nawe uliyeyasikia mazungumzo haya hewani na unapenda kuyarudia kwa macho, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho bila shaka umekigusa leo kabla hujatoka nyumbani. Nakusudia alumini. Kama umechemsha chai, yawezekana umeichemshia katika sufuria ya alumini. Kama umefungua dirisha la nyumba hizi mpya, huenda umesukuma fremu ya alumini. Kopo la soda ni alumini, pistoni ya pikipiki ni alumini, na hata ndege ipitayo juu ya paa lako kwa sehemu kubwa ni alumini.

Kilichonisukuma kuzungumza ni jambo lililotokea katika ukoo wetu. Mpwa wangu, kijana anayeendesha pikipiki ya abiria, alivunjikiwa kikanyagio cha nyuma, yaani pale abiria anapoweka mguu. Kipya cha dukani alikiona ghali, akaenda kwa fundi wa kusubu, akasubiwa kingine kwa bei isiyofika nusu. Kilipotoka katika kalibu na kupigwa msasa, kiling'aa kuliko cha kiwandani. Siku ya tisa kilikatika. Abiria alikuwa mama mmoja aliyetoka sokoni na kikapu chake. Mguu ulikosa pa kukanyaga, akaanguka, akateguka kifundo. Tunamshukuru Mungu kwamba nyuma yao hapakuwa na gari.

Nilifuatana na mpwa wangu hadi kwa fundi. Njiani aliniomba, "Mjomba, usimgombeze, ni mtu mwema." Na kweli ni mtu mwema. Alikipokea kile kipande, akakigeuzageuza, kisha akasema, "Ndugu mtangazaji, hii ni alumini, na ile ya kiwandani ni alumini. Alumini ni alumini tu. Labda kijana alibeba watu wawili."

Neno hilo, kwamba alumini ni alumini tu, ndilo lililonipeleka kwa mwalimu mmoja wa somo la metali katika chuo cha ufundi. Na ndilo ninalotaka kulijibu leo, kwa sababu wengi wetu tunaliamini.

Alumini tupu, isiyochanganywa na kitu, ni nyepesi na ni laini. Uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Chukua waya wa alumini tupu wenye eneo la milimita mraba moja, mwembamba kuliko njiti ya kibiriti, uutundikie mzigo. Ukifika kilo 9 hivi, yaani ndoo ndogo ya maji, unakatika. Sasa chukua waya wa unene huo huo, lakini wa alumini ngumu inayotumika katika mabawa ya ndege. Huo hubeba kiasi cha kilo 57 kabla ya kukatika. Ni mfuko mzima wa saruji na zaidi. Cha ajabu ni kwamba katika kila kilo 100 za alumini hiyo ya ndege, kilo 90 hivi bado ni alumini ile ile. Zilizobaki ni zinki, kama kilo 5 na nusu, magnesi kama kilo 2 na nusu, na shaba kama kilo moja na nusu, pamoja na vitu vingine kidogo sana.

Mchanganyiko wa namna hiyo wataalamu huuita aloi. Basi swali ni hili: kilo 10 za kigeni zinawezaje kuzipa kilo 90 za wenyeji nguvu mara sita?

Mwalimu yule alinipa mfano wa jamvi. Ukitaka kulisogeza jamvi kubwa lililotandikwa ukumbini, ukilivuta lote kwa pamoja utatoka jasho. Lakini ukifanya kunjo dogo upande mmoja, ukalisukuma kunjo lile taratibu hadi upande wa pili, jamvi zima litakuwa limesogea bila taabu. Ndani ya metali atomi zimejipanga safu kwa safu, na metali inapopinda, safu hizo huteleza kwa makunjo kama hayo. Katika alumini tupu kunjo hukimbia bila kizuizi, ndiyo maana hupindika upesi. Sasa weka mawe juu ya jamvi. Kunjo likifika kwenye jiwe husimama. Vitu vya kigeni tunavyotia katika alumini ndiyo mawe yenyewe.

Lakini mawe si ya aina moja, na kila kiungo kina tabia yake.

Magnesi hujipenyeza katikati ya atomi za alumini na kuzisumbua safu moja kwa moja. Aloi yenye magnesi asilimia 4 au 5 huwa na nguvu mara tatu ya alumini tupu, hukubali kuchomelewa, tena hustahimili maji ya chumvi. Ndiyo sababu boti nyingi za alumini zinazokwenda baharini huundwa kwa mchanganyiko huo.

Manganizi, kiasi cha asilimia moja tu, huongeza nguvu kidogo bila kuifanya alumini ikatae kukunjwa. Mwili wa kopo la soda una manganizi na magnesi kama asilimia moja moja, ili uvutike uwe mwembamba bila kupasuka. Kifuniko chake kina magnesi zaidi, kama asilimia 4 na nusu, kwa kuwa chenyewe hutakiwa kiwe kigumu. Kwa hiyo hata kopo moja unaloshika mkononi lina alumini za aina mbili.

Silikoni ndiyo rafiki wa msubuji. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Ukitia silikoni asilimia 12 hivi, huyeyuka chini ya nyuzi 580, nayo hutiririka kama uji mwepesi na kujaza kila pembe ya kalibu. Pistoni na vichwa vya injini hutengenezwa kwa aloi za silikoni. Kasoro yake ni kwamba chembe za silikoni zikiachwa zikue kubwa, metali hukatika kama kigae. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu Aladar Pacz, huko Marekani, alipata njia ya kuzifanya chembe hizo ziwe ndogo ndogo kwa kutia sodiamu kidogo sana, na tangu hapo usubuji wa alumini ukabadilika.

Shaba nayo ina hadithi ya peke yake. Mwaka 1906, karibu na Berlin, Mjerumani Alfred Wilm alikuwa akitafuta alumini ngumu ya kutengenezea maganda ya risasi. Alichanganya alumini na shaba asilimia 4 na magnesi kidogo, akaipasha moto sana, akaitosa ili ipoe ghafla. Inasimuliwa kwamba alipima ugumu wake Jumamosi, matokeo hayakumfurahisha, akafunga kazi. Jumatatu alipopima tena alikuta metali ile ile imekuwa ngumu zaidi, ingawa hakuna aliyeigusa. Aloi hiyo ikaitwa Duralumin, nayo ikatumika katika fremu za ndege-puto za Zeppelin, na baadaye katika ndege za kawaida.

Ilikuwaje metali ikakomaa yenyewe? Jibu lilipatikana mwaka 1938, pale Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipotumia eksirei kuchungulia ndani. Shaba iliyokuwa imetawanyika ilikuwa ikijikusanya polepole katika vikundi vidogo mno. Vikundi hivyo ndivyo mawe juu ya jamvi. Fremu za madirisha, zenye magnesi na silikoni kidogo, nazo hupata nguvu kwa njia hiyo, isipokuwa hukomazwa katika tanuri la moto wa wastani kwa saa kadhaa.

Hapa kuna fundisho kwa kila mwenye chombo. Nguvu iliyoletwa na moto huondolewa na moto. Rimu ya alumini iliyopinda ukiipasha kwa moto wa gesi ili uinyooshe, au fremu ukiichomelea ovyo, vile vikundi huvimba au huyeyuka. Umbo litarudi, lakini nguvu haitarudi. Macho hayaoni tofauti yoyote.

Tena tusidhani kwamba nguvu peke yake inatosha. Shaba huipa alumini nguvu, lakini huidhoofisha mbele ya chumvi, jambo ambalo sisi wa pwani hatuna budi kulijua. Zaidi ya hayo, alumini huchoka. Mwaka 1952 ndege za Comet za Uingereza, za kwanza za jeti kubeba abiria kwa ratiba, zilianza safari za London hadi Johannesburg, zikitua Entebbe njiani. Mwaka 1954 mbili zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania, na watu wote waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bodi la alumini lilichoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa safari baada ya safari, nyufa zikaanzia kwenye pembe za matundu. Nguvu ya kubeba mzigo mara moja ni jambo moja, na nguvu ya kubeba mara elfu ni jambo jingine.

Sasa turudi kwenye kikanyagio chetu. Mwalimu alikitazama pale kilipokatika kwa kioo cha kukuza. Aliona vitundu vya hewa, akaona na chembe zinazometameta kama vigae. Nilipomweleza kwamba fundi aliyeyusha kwa pamoja sufuria kuukuu, makopo, na vipande vya injini vikiwa bado na boliti zake, alitikisa kichwa. Chuma, alisema, ndicho adui mkubwa wa alumini ya chakavu. Kikiingia hujenga vibapa vyembamba kama wembe ndani ya metali, na ufa hupita humo kama maji mferejini. Kikishaingia, kukitoa ni kazi ngumu mno.

Kuna na jambo zito kuliko kikanyagio. Chakavu hicho hicho ndicho kinachosubiwa sufuria. Risasi, ile ya kwenye betri za gari, haiipi alumini nguvu yoyote, hata kuchanganyika nayo vizuri haikubali. Lakini huingia pamoja na takataka. Uchunguzi uliofanywa kwa sufuria za kusubu za Kameruni na kuchapishwa mwaka 2014 uligundua kwamba baadhi zilitoa risasi katika chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwani huharibu ubongo unaokua.

Nilirudi kwa fundi nikiwa na hayo yote. Sikumwambia kwamba hajui kazi, maana kusubu anakujua, na mimi siwezi. Nilimweleza tu habari ya jamvi na mawe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na muda wa kuchambua chakavu atanilipa nani? Mteja anataka bei ya jana."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Fundi huchanganya kwa sababu sisi wateja tunauliza bei tu. Hatuulizi kimesubiwa na nini. Kuchambua hakuhitaji mtambo wa kigeni. Pistoni zikae na pistoni, sufuria na sufuria, waya wa umeme, ambao ni alumini karibu tupu, ukae peke yake. Boliti zifunguliwe kabla ya kuyeyusha. Betri na vitu vya rangi visisogee kabisa karibu na tanuri la sufuria. Na kitu kinachobeba uhai wa mtu, kama kikanyagio, breki au usukani, kisisubiwe kwa chakavu kisichojulikana, hata kama mteja analia.

Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpwa wangu hatimaye alinunua kikanyagio cha dukani, akakilipia kwa mafungu mawili. Yule mama kifundo kimepona, ila sasa anakwenda sokoni kwa miguu. Na majuzi nilipopita kwa fundi niliona madebe matatu yamepangwa ukutani, moja limejaa pistoni, la pili sufuria, la tatu waya. Nilimuuliza kama bei imepanda. Akasema imepanda kidogo, na kwamba mteja akiuliza sababu, yeye humwonyesha madebe.