Makubazi Yasiyo na Msumari

Ni mara ngapi msumari umechomoza ndani ya kiatu cha mtoto, naye akaja mbio analia? Kilio kile ni neema. Bibi tuliyemtembelea huko Muleba hakulia. Alikuwa amepona ukoma miaka mingi, lakini nyayo zake zilibaki na ganzi. Tulipomvua katambuga ili tumwoshe miguu, tulikuta msumari ulioshikilia mkanda umepenya hadi juu, na chini ya kidole gumba pana kidonda. "Wanangu, mbona mmenyamaza?" akauliza.

Ukoma hutibika. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri mchanganyiko wa dawa, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Lakini dawa huua vijidudu tu. Mishipa ya fahamu iliyokwisha haribika si lazima ipone. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kuwa vidonda vingi vya wagonjwa hawa hutokana na kuumia bila kusikia maumivu, wala si nyama kuoza yenyewe. Sisi wauguzi tunayaona hayo hayo kwa wenye kisukari.

Basi kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, wengine wa Bukoba mjini na wengine wa Muleba, kikaamua kutengeneza makubazi yasiyo na msumari hata mmoja. Chini soli ya tairi, juu yake raba laini, kisha mikanda ya ngozi inayopita kwenye matundu na kushonwa. Nyuma tuliweka mkanda wa kisigino, kwa sababu mguu wenye ganzi hupoteza ndala bila mwenyewe kujua.

Kazi ikawa kwenye matundu. Jozi za kwanza tulitoboa kwa msumari wa moto, na haya ni makosa yetu wenyewe. Msumari haukati ngozi, huisukuma kando tu, na ule mpasuko huanza kuchanika mkanda unapovutwa. Tundu zuri ni la mviringo, lililoondolewa kipande. Koleo lenye vibomba vinavyozunguka linafaa sana kwa mikanda, na mama anayeshona nyumbani asitafute kingine. Lakini mdomo wake ni mfupi, haufiki katikati ya soli.

Wengine wetu walitaka akiba yote inunue mashine kubwa. Tulibishana jioni mbili! Mwishowe tukamwendea fundi wa kuchomelea vyuma, akatutengenezea ya wenzo. Kutoka kwenye egemeo hadi kwenye kibomba ni sentimita 10, na hadi kwenye mkono sentimita 60, kwa hiyo nguvu ya mama mmoja huzidishwa mara sita. Tulimsisitizia aache nafasi ya kutosha nyuma ya kibomba ili soli nzima iingie, na kibomba kiweze kufunguliwa na kubadilishwa.

Kibomba cha kwanza kilikuwa kipande cha bomba la maji, makali yakajikunja mara moja. Cha pili ni cha chuma kigumu: fundi alikipasha hadi kikawa chekundu, akakitumbukiza kwenye oili, kisha akakipasha tena taratibu hadi rangi ya manjano ili kisimeguke. Hunolewa kwa nje. Chini yake tunaweka kipande cha gogo, upande uliokatwa ukitazama juu, wala si jiwe. Raba tunaipaka maji ya sabuni, la sivyo hung'ang'ania kibomba.

Tairi zenye nyaya za chuma tunazikataa kabisa. Waya mmoja ukichomoza tumerudi kwenye msumari.

Tulipompelekea bibi jozi yake, hakuivaa mara moja. Alimwita mjukuu wake apitishe mkono ndani kwanza, maana vidole vyake mwenyewe navyo vina ganzi.