Bonde Lililoinuka

Juzi nilimpeleka mama yangu kwao Mutomo. Macho yake yamefifia, hivyo tangu Kibwezi nilikuwa nikimsimulia njia. Tulipovuka mto Athi nikasema, "Mwaitu, sasa twapanda Yatta." Kilima hiki ni kirefu ajabu, kama kilomita 300, na juu ni sawa kama meza. Miaka zaidi ya milioni 10 iliyopita palikuwa bonde. Mawe yaliyoyeyushwa na moto wa volkano yalitiririka humo, yakaganda. Kisha mvua ikamomonyoa udongo wa kando, bonde likabaki juu.

Mama akanyamaza. "Nimepanda hapa na mtungi mgongoni, na wewe tumboni," akasema. "Kumbe lilikuwa bonde!"

Nilikuwa nimekusudia kumsomea Isaya 40:4. Akautamka mwenyewe, kwa Kikamba, kabla hatujafika Ikutha.