Ushauri nasaha Dadaab uanze na lugha

WAHENGA walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa. Leo ningependa tumtazame yule anayeelezwa maradhi asiyaelewe.

Kambi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, zilianza mwaka 1991 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilikusudiwa watu 90,000. Wakati wa njaa ya mwaka 2011 idadi ilipita 400,000. Maji na mahindi hupimika. Huzuni haipimwi kwa magunia. Ndiyo maana ushauri nasaha huwa rahisi kusahauliwa pale misaada inapopungua.

Neno moja la kambini linatufundisha mengi, nalo ni buufis. Asili yake ni Kisomali, lenye maana ya kupuliza au kujaza upepo. Dadaab likawa jina la hamu kuu ya kuhamishiwa nchi za mbali kama Marekani au Kanada, na pia jina la maradhi ya akili yampatayo mtu hamu hiyo inapokatika. Mtafiti Cindy Horst alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wakimbizi wa kambi hizo. Mkalimani akilitafsiri kuwa "huzuni" tu, mshauri atatafuta msiba uliotokea nyumbani, kumbe msiba ni barua isiyofika. Akilitafsiri kuwa "wazimu", jamaa nzima itavishwa aibu.

Tena, Kisomali si kimoja. Msemaji wa Maay kutoka kusini na msemaji wa Maxaa huweza kukaa chumba kimoja wasielewane sawasawa.

Na mkalimani ni nani? Watoto waliosoma katika shule za kambini, kwa mtaala wa Kenya, mara nyingi hukijua Kiswahili na Kiingereza kuliko wazazi wao. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Mama aliyenajisiwa njiani hawezi kumsimulia mwanawe wa miaka 12 yaliyompata ili ayatafsiri. Atasema kichwa kinamuuma, na kichwa ndicho kitakachotibiwa. Mtoto naye akilazimishwa kuyabeba maneno hayo, tutakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Wapo watakaosema kwamba Wasomali wana wazee na mashekhe wao, na kisomo cha Kurani huwatuliza. Ni kweli, na mshauri mwenye busara hushirikiana nao. Hata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa maafa unasisitiza nguvu za jamii yenyewe. Lakini mke anayepigwa na mumewe huenda asiweze kulisema hilo mbele ya wazee wa ukoo wa mume.

Vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vilishirikiana na vya Kanada kuwafunza walimu wakimbizi papo hapo Dadaab. Basi njia ipo. Mafunzo ya aina hiyo yaongezewe ukalimani na adabu ya kutunza siri. Nanyi wanafunzi wa isimu mnaotafuta mada za tasnifu, tungeni kamusi ndogo ya maneno ya maumivu kwa Kisomali, Maay na Kiswahili. Ngeli za nomino zitawangoja. Mama yule hana sababu ya kungoja.