Hukumu ya kifo: kesi ya Mombasa iliyomfungua jaji mikono

UKIFIKA Feri asubuhi watu wakisukumana kuwahi kivuko, ishike simu yako vizuri. Vijana wawili wakikutisha na kuipokonya, wametenda kosa la wizi wa mabavu, na adhabu yake kitabuni ni kunyongwa. Wengi hudhani lazima pawe na bunduki. La! Kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Adhabu kinataja silaha, au kuwa na mwenzako, au kumpiga mtu. Moja kati ya hayo latosha. Aliye chini ya miaka 18 hanyongwi, lakini mwanafunzi wa chuo wa miaka 19 hana kinga hiyo.

Neno lenye ubishi ni "lazima". Akishapatikana na hatia, mwenye kuhukumu hana la kupima. Basi mshtakiwa aombe huruma ya nini?

Swali hilo lilijibiwa hapa hapa Mombasa. Tarehe 30 Julai 2010, Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Godfrey Ngotho Mutiso dhidi ya Jamhuri. Majaji hawakuifuta adhabu ya kifo. Walisema kumlazimisha jaji aitoe kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Uganda ilikuwa imetangulia, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, iliyokwisha Januari 2009.

Furaha ya wafungwa haikudumu. Mwaka 2013 majaji watano wa mahakama hiyo hiyo ya rufaa waliugeuza uamuzi ule. Ikabidi kungoja hadi 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba lazima hiyo, kwa kosa la mauaji, ni batili.

Wapo watakaouliza: na aliyeuawa, nani alimsikiza? Ni swali la haki. Lakini jaji bado anaweza kutoa hukumu ya kifo. Tofauti ni kwamba sasa hupima kwanza. Hutazama umri, majuto, kama ni kosa la kwanza, na pia machungu ya jamaa za marehemu.

Kamba yenyewe haijatumika Kenya tangu 1987, waliponyongwa waliohusika na jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na 2016 Rais Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa 2,747.

Na wale vijana wawili wa Feri? Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba uamuzi wa Muruatetu ulihusu mauaji peke yake. Anayetaka kupinga lazima ya kifo kwa wizi wa mabavu, ikasema, afungue kesi yake, aanzie Mahakama Kuu. Kwa hiyo aliyeua alipata nafasi ya kusikizwa kabla ya kuadhibiwa, na aliyepokonya simu akaachwa pale pale alipokuwa.